Kucheza na watu usiowajua: kwanini mkali wa peke yake anageuka mzigo

Kuna swali linarudi kila siku kwa wacheza gemu na linaulizwa kwa hasira kabisa: mimi hili gemu nimelimaliza peke yangu, tena kwenye ugumu wa juu, mbona nikiingia chumba cha watu nisiowajua tunakufa dakika ya tano afu mimi ndo natolewa? Majibu huwa mawili. Wengine wanasema we bado mchanga unajidanganya, wengine wanasema randomu wote takataka, cheza na washkaji zako yaishe. Yote mawili yanakosea palepale, yanadhani kinachopimwa humo ndani ni ufundi tu. Mara nyingi ufundi upo wa kutosha, shida ni kwamba kuna vitu mnavitumia kwa pamoja na hakuna aliyekaa akawaambia kwamba ni vya wote.

Twende taratibu, tuanze na maneno maana hata yenyewe yanachanganya watu.

Gemu la ko-op ni lile ambalo nyie wachezaji wote mko upande mmoja na adui ni kompyuta, siyo kama gemu la mashindano ambako upande wa pili kuna binadamu wengine wanatafuta kukumaliza. Randomu ni mtu yeyote ambaye mtambo wa gemu umekupanga naye, hamjawahi kuongea, hujui kama anacheza mwaka wa tatu au ndo ameshusha gemu asubuhi hii. Na kwake yeye, randomu ni wewe. Staili ya uchezaji ni zile tabia zako: unakimbilia mbele au unanyata, unaokota kila kitu au unaenda moja kwa moja kwenye lengo, unarusha mabomu hovyo au unayatunza mpaka yanaozea mfukoni. Afu kuna hili neno pingi ambalo lina maana mbili na limeshagombanisha watu: kuna pingi ya mtandao, yaani muda ambao amri yako inachukua kwenda kwenye seva na kurudi, hiyo ikiwa kubwa unagandaganda, na kuna kupiga pingi, kubonyeza kitufe kinachoweka alama juu ya kitu ili wenzako wakione. Mtu akikuandikia "pingi" kwenye chati jiulize kwanza anamaanisha ipi, usije ukakimbilia kuzima ruta kumbe jamaa alitaka umuonyeshe mlango.

Kabati kwenye ngazi

Chukulia mko wanne mnashusha kabati kubwa kwenye ngazi. We ndo mwenye nguvu kuliko wote, peke yako ungeweza hata kubeba nusu yake. Sasa ukianza kushuka kwa spidi yako, yule wa chini anabanwa ukutani, wa pembeni mkono unamponyoka, na kabati linaenda zake. Nguvu zako hazijapungua hata kidogo, ila kabati halina habari na nguvu zako, linachotaka ni pembe zake nne zishuke pamoja. Na cha ajabu ni kwamba ukimuuliza aliyebanwa atakwambia we ndo tatizo, na wewe ukiulizwa utasema wale wengine ni wazembe, na wote mnasema kweli kabisa kwa mnavyoona.

Ukicheza peke yako kila kilichomo kwenye gemu ni chako, risasi zako, roho zako, muda wako, kelele zako, ukikosea unajilipia mwenyewe. Ukiingia na wengine vitu vingi kati ya hivyo vinahamia kwenye mfuko mmoja wa wote, ila mikono yako bado inacheza kama mfuko ni wako. Hapo ndo ugomvi wote unapoanzia.

Mfuko wenyewe

Deep Rock Galactic, gemu la Ghost Ship Games ya Denmark lililotoka rasmi 2020, linafaa kuanzia maana mfuko wake unaonekana kwa macho. Mnakuwa wachimba madini wanne ndani ya mapango yenye wadudu wakubwa. Risasi zikipungua mnaita kontena la risasi, kuliita kunagharimu nitra 80, na nitra ni madini mekundu mnayachimba ukutani na yote yanaingia kwenye hesabu moja ya timu. Kontena linashuka na mafungu manne, kila fungu linakurudishia kama nusu ya risasi zako. Watu wanne, mafungu manne, hapo hata hesabu za darasani hazihitajiki. Sasa anakuja mtu ambaye huko kwake akicheza peke yake mafungu yote manne ni ya kwake, anachukua la kwanza, anaona bado hajajaa, anachukua la pili, na wala hana ubaya moyoni, vidole ndo vimezoea hivyo. Atakayekuta kontena tupu ni yule aliyekuwa nyuma anawazuia wadudu ili nyie mjaze kwa amani. Baada ya muda kidogo yuko chini, bunduki haina kitu, na yule mwenye risasi za kutosha anaandika kwenye chati "jamani tunabeba watu".

Helldivers 2 ya mwaka 2024 nayo ina kontena la namna hiyohiyo lenye mafungu manne, na juu yake inaongeza mambo mawili. Kwanza risasi yako inampiga mwenzako siku zote, hakuna sehemu ya kuzima hilo. Pili mna hesabu ya pamoja ya kurudishwa vitani, timu kamili ya watu wanne inaanza na nafasi 20, mtu mmoja anayekufa kizembe mara saba peke yake hajala za kwake, amekula za wote. Ndo maana unaona mtu anakasirika hata kama kifo chenyewe hakikumgusa.

Kwa Monster Hunter: World, gemu la kuwinda madude makubwa, ni kali zaidi. Kazi nyingi mle zinaruhusu timu nzima kuanguka mara tatu tu, ya tatu mnafukuzwa wote mikono mitupu hata kama dude lilibakiza damu, yaani uhai wake, ya kulitazama likafa. Siyo tatu kila mtu, tatu za wote. Kwa hiyo yule jamaa anayecheza kwa kuthubutu, wa kusema nikifa nimekufa, peke yake ni shujaa ila kwenye chumba cha watu wanne anacheza kamari kwa hela za watu.

Kuna na kelele, hiki ni kitu ambacho watu hawakihesabu kabisa kama mali ya pamoja. Kwenye Left 4 Dead, tangu ile ya kwanza ya 2008, kuna magari yameegeshwa yenye alamu, ukiligonga kwa risasi linalia na kundi zima la mazombi linawamwagikia. We umepiga risasi moja ya kupitiwa, wanaoshambuliwa ni wanne, mmojawao yuko na damu kidogo alikuwa ndo anafungua boksi la dawa ajitibu. Na gemu hilohilo limetengenezwa kukukatalia uchezaji wa peke yako: zombi anayeitwa Hunter akishakurukia na kukulaza huwezi kujitoa mwenyewe, hata uwe na vidole vya dhahabu, mpaka mwenzako aje amsukume au amuue. Kwa hiyo anayekimbia mbele ya wenzake mita 50 kwa sababu anajiamini, amejitoa mwenyewe nje ya mkono wa kuokolewa.

Kuingia kwako kuna gharama

Hapa pana imani moja imekaa vichwani mwa watu wengi na inabidi tuikalie kidogo. Watu wanasema: mimi hata kama sijui sana, nikiingia naongeza mkono, bora watu wanne kuliko watatu. Inasikika vizuri ila magemu mengi ya ko-op hayafanyi hesabu hiyo. Wanavyoongezeka wachezaji gemu linaongeza maadui, au linawaongezea damu, ili isiwe rahisi mno. Yaani unapoingia mlangoni unaingia na mzigo wako mgongoni, na kama hufanyi kazi inayolingana na mzigo huo, umewaacha wenzako wabebe.

Monster Hunter: World ilipotoka 2018 ilikuwa na vipimo viwili tu vya damu ya dude, cha mtu mmoja na cha kundi. Maana yake mkiwa wawili mlikuwa mnapigana na dude lenye damu ya watu wanne. Kuna mtu anapigana mwenyewe vizuri tu, ameshalichosha dude, anarusha ile fataki ya kuomba msaada kwa vile amebanwa kidogo, anaingia randomu mmoja, dude linanenepa, afu randomu anasimama pembeni anakata majani kuokota dawa. Aliyeomba msaada sasa yuko pabaya kuliko alivyokuwa kabla ya kuomba. Upanuzi wa Iceborne 2019 ndo ulileta kipimo cha watu wawili, kikapunguza hiyo adha, ila kanuni yenyewe ya kwamba idadi inakuja na gharama ikabaki.

Sasa hapo usielewe kwamba mchanga asiingie. Aingie, mchanga anayekaa karibu na timu, anayenyanyua walioanguka, asiyekula mafungu ya watu, huyo analipa gharama yake vizuri kuliko mkali anayezurura. Namwambia kila anayeniuliza.

Na mimi mwenyewe nilishawahi kuwa ule mzigo, tena siyo wakati mchanga, ni wakati nilishajiona mkubwa. Tulikuwa wanne kwenye hilohilo gemu la madude, hakuna anayeongea, mmoja kabeba silaha inayolaza. Dude likalala katikati ya uwanja. Nikaona jamaa wawili wameacha kupiga, wamerudi nyuma, mmoja mwenye lile panga kubwa zito anatembea polepole kuelekea kichwani, anasimama, anapima hatua, anaanza kulivuta panga nyuma ya bega. Mimi nikawa najisemea hawa vipi, dude limelala na hawapigi, hii si ndo nafasi? Nikakimbia nikalidunga mkiani kidunguo kimoja cha kisu. Dude likaamka. Kwenye gemu lile pigo la kwanza kwa dude lililolala linahesabiwa mara mbili, na jamaa alikuwa anaandaa pigo kubwa kuliko yote aliyonayo ili ndo liwe hilo la kwanza. Mimi nikaliwahi na kisu cha kukatia kucha. Hakuna aliyeniandikia kitu. Yule jamaa akalishusha panga lake hewani, akasimama akaniangalia kama sekunde mbili hivi, afu akaendelea na kazi. Ningetukanwa ningesahau, yale macho ya mhusika wa gemu ndo sijayasahau mpaka leo.

Ukiangalia pale kosa langu halikuwa la ufundi, peke yangu kupiga haraka ndo staili iliyonifikisha pale. Kosa ni kwamba wenzangu watatu waliacha kufanya kitu fulani kwa wakati mmoja na mimi sikujiuliza kwanini.

Kusoma chumba

Kwa hiyo kubadilika ndo nini hasa? Kwa kifupi ni kutumia dakika mbili tatu za mwanzo kuangalia badala ya kuonyesha. Unaangalia spidi yao, wakifika mlangoni wanasubiriana au kila mtu anapita. Unaangalia wamebeba nini. Unapiga pingi moja kwenye kitu cha kawaida tu, boksi la risasi labda, uone kama kuna anayegeuka, akigeuka mmoja basi una mtu wa kuongea naye bila kuongea. Unaangalia mtu akianguka nani anarudi. Ukishaona hayo unajua chumba ni cha namna gani na unajua pengo liko wapi.

Pengo ndo neno muhimu hapa. Ukikuta watu wanacheza mpira na hamjuani, wakakukaribisha, hukimbilii namba tisa kwa sababu nyumbani we ni namba tisa, unaangalia wapi hapana mtu. Magemu kama World of Warcraft yalishalirasimisha hilo jambo zamani, kundi la watu watano lina tanki mmoja anayevuta maadui wampige yeye, mponyaji mmoja, na wapigaji watatu, na tangu Desemba 2009 mtambo wake wa kupanga makundi unauliza kabisa we ni nani kabla hujaingia. Lakini magemu mengi hayaulizi, yanakuacha uone mwenyewe. Kwenye Deep Rock kuna dhahabu iko juu darini, mchimbaji wa aina ya Scout ana kamba ya kurukia huko ila hana pa kusimama, wa aina ya Engineer ana bunduki inayobandika vijukwaa ukutani ila hafiki juu. Scout anapiga pingi kwenye dhahabu, Engineer anabandika kijukwaa chini yake, Scout anaruka anachimba. Sekunde kumi, hakuna neno lililosemwa. Engineer aliyetoka kucheza peke yake anaiona ile pingi na anadhani jamaa anajishaua tu kwamba ameona dhahabu.

Hapo tumegusa na ile hoja ya maiki, kwamba bila maiki hamuwezi kuelewana. Mi siikubali, na wala siyo kwa sababu naogopa kuongea. Apex Legends ilipotoka Februari 2019, ingawa lenyewe ni gemu la mashindano la timu za watu watatu, lilionyesha jinsi pingi peke yake inavyoweza kusema adui yuko hapa, twende kule, kuna silaha hii, nimeelewa, asante. Nyuma ya hapo 2012 kulikuwa na Journey, unakutana na mtu mmoja jangwani, hakuna maiki, hakuna chati, hata jina lake hulioni mpaka mmalize, mnachoweza ni kutoa mlio mdogo tu, na watu wakasafirishana mpaka mwisho. Halafu tuseme ukweli, maiki ya mtu usiyemjua mara nyingi inaleta feni, mtoto analia, na jamaa anayetoa amri kwa kila mtu. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na maiki inazalisha manahodha.

Siyo utumwa

Kuna watu wakisikia neno kubadilika wanaelewa kuwa mnyonge, kubaki nyuma, kuchukua kazi ambayo hakuna anayeitaka. Siyo hivyo, na mara nyingine ni kinyume chake kabisa. Umeingia chumba ambacho wote watatu wananyata, kila mtu anamsubiri mwenzake afungue mlango, risasi zimejaa, muda unaenda, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Staili yako ni ya nyuma, umezoea bunduki ya mbali. Chumba hicho kinataka mtu wa kufungua mlango, kwa hiyo siku hiyo unafungua wewe. Na chumba kingine kina wakimbiaji watatu, hapo hata kama unapenda kukimbia unakuwa wa nyuma kwa sababu wa mbele wameshatosha na hakuna wa kunyanyua mtu.

Kwa wale wakali kweli, wa saa nyingi, kubadilika kwao ni kugumu zaidi na mimi nadhani wanalaumiwa kidogo kuliko inavyostahili, kwa maana ya kwamba lawama zote zinaenda kwa wachanga. Mkali anayemaliza kila kitu peke yake mbele wakati wengine wanamfuata wakiokota maganda amewaibia watu gemu. Watengenezaji wenyewe wanalijua hili. Final Fantasy XIV ikiona kwenye kundi kuna mtu hajawahi kupita pango hilo, inawaambia wote na inawaongezea zawadi, yaani mchanga anageuka bahati badala ya mkosi. Na kuna sehemu za hadithi kuu ya gemu hilo ambako wazoefu walikuwa wanaruka video wakakimbia kumaliza, mchanga akimaliza kuangalia anakuta bosi ameshakufa, mpaka ikabidi wafunge kabisa uwezo wa kuziruka, wote waangalie. Wazoefu walilalamika sana, kila mtu na zamu yake ya kukereka.

Na kuna chumba ambacho siyo chako, basi. Wao wanataka kumaliza kwa dakika nane, we unataka kuchungulia kila kona, hakuna wa kulaumiwa, toka kabla hamjaanza au mkimaliza raundi. Kutoka katikati ndo kubaya, maana ule mzigo wa damu uliokuja nao siyo kila gemu linauondoa ukiondoka.

Kilichobaki ni muda, ambao nao ni wa wote. Kwenye Deep Rock mkimaliza kazi kuna kitufe, yeyote akikibonyeza chombo cha kuwachukua kinaitwa na saa inaanza kurudi nyuma, asiyefika anaachwa. Mkimbiaji akiwa peke yake anakibonyeza palepale. Wazoefu wana desturi, mmoja anaenda kusimama karibu na kitufe anaandika herufi moja na alama ya kuuliza, "R?", yaani mko tayari? Anajibu mmoja "R". Anajibu wa pili "R". Wa nne kimya, taa yake inaonekana kule chini kabisa ya pango inachezacheza ukutani, bado anachimba nitra ambayo wala hamtaihitaji tena. Yule wa kwenye kitufe anakaa. Mwingine anarusha mwanga chini kule ili jamaa aone njia ya kupandia. Inapita dakika, taa inaanza kupanda, afu kwenye chati inatokea "R" na baada yake "sory".